Kitufe cha Chini ya Kiti

Siku ya tano tangu fundi aanze kuja, pikipiki ilikuwa haijatoa hata chafya, na Pindo alikuwa ameshona mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia.

Aliuinua ule mkono akautazama kama kitu alichookota njiani. Miaka tisa ya kushona, na leo shati linataka kuvaliwa na mtu mwenye mikono kinyume! Akachukua mkasi mdogo akaanza kufumua. Jana alifumua kola. Juzi alikata kitambaa cha mteja kwa kipimo cha mteja mwingine, na bahati yao wote wawili walikuwa wanene.

"Sindano haina kosa," alijisemea. "Mwenye sindano ndiye ambaye macho yake hayapo."

Macho yake yalikuwa uani. Charahani yake ilikaa dirishani, dirisha likatazama ua wa nyuma, na kule uani, chini ya bati la stoo, mwanamume amechutama kando ya pikipiki kuukuu, tambara begani, spana mkononi. Hasemi kitu. Anageuza hiki, anapuliza kile, anapiga kiki mara tatu, anatikisa kichwa. Kisha anachutama tena.

Usiniharakishe, msomaji wangu, uzi ukivutwa kwa pupa hukatika. Nitakueleza ni nani.

Pindo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na baba yake, kwa sababu utotoni alimfuata kila aendako, kashika shati lake kwa nyuma, ananing'inia kama pindo la nguo. Baba huyo alikuwa fundi pikipiki. Alifariki miaka mitatu nyuma, na pikipiki yake mwenyewe, ile ya kuwashwa kwa mguu, kwa kupigwa kiki, ikabaki stoo chini ya turubai, kuku wakitagia juu ya kiti. Baba alikuwa akiiita Ajuza. Mama alikuwa akiiita Mke Mwenzangu, maana aliona wazi nani katika wawili wao alipakwa mafuta mara nyingi zaidi.

Sasa baba mdogo, ndugu wa marehemu, alikuwa ameiomba. Mama hakukataa, ila aliweka sharti.

"Mchukue, shemeji. Lakini atoke hapa kwa miguu yake mwenyewe, anaunguruma. Sitaki kitu cha mume wangu kibebwe juu ya gari kama maiti. Mmoja tulishambeba, inatosha."

Ndiyo maana akatafutwa fundi. Mafundi wa siku hizi wamezoea pikipiki za kubonyeza, ukiwaonyesha kiki wanakuuliza kama ni ya kupandia. Baba mdogo akasema anamjua mmoja wa zamani, karudi mjini juzijuzi. Jumatatu asubuhi akamleta, na Pindo alipochungulia dirishani, sindano ilimwingia kidoleni.

Alikuwa Kimya.

Kimya, mwanafunzi wa baba yake wa miaka minne. Kimya aliyekula chakula cha nyumba hii, aliyekuwa akimtengenezea Pindo charahani kabla hajaombwa, aliyewahi kumwambia siku moja, wakiwa wameinama wote juu ya kabureta, "Pindo, ukicheka, mimi husahau nati nimeiweka wapi." Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema. Wiki moja baadaye akabeba begi, akaondoka alfajiri. Hakumuaga. Miaka mitano ikapita kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

"Shikamoo, mama," alisema Jumatatu ile, mlangoni.

"Marahaba," mama alijibu, kisha akamgeuzia shemeji yake jicho la wewe-nitakupata.

"Habari za siku nyingi, dada."

Dada! Pindo alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kusema, "Nzuri. Karibu. Stoo ni palepale." Kisha akarudi kwenye charahani akashona bila uzi pazia zima la mlango.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama isingekuwa Ijumaa.

Kulikuwa na karani wa ofisi ya maji, mtu mpole, kalamu mfukoni, kucha safi kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mwezi uliopita alikuja na wazee wake kuposa. Pindo aliomba muda. Muda ulikuwa unaishia Ijumaa, saa kumi na moja jioni, karani angekuja mwenyewe kuchukua jibu, na kuchukua shati lake pia. Ndiyo, ni lilelile lenye mikono kinyume.

Mama alishajibu moyoni zamani. "Mwanangu," alisema, "mimi nimefua mafuta ya pikipiki miaka thelathini. Sabuni niliyomaliza ingeosha mji. Wewe pata mume mwenye kucha. Mapenzi yatakuja, lakini oili haitoki."

Na Pindo alikuwa tayari kusema ndiyo. Au alidhani yuko tayari. Karani alimheshimu, alimchekea kwa wema, hakuwahi kumwacha asubuhi na begi. Ila tangu Jumatatu hakujua tena anataka nini. Alitaka pikipiki ipone, baba yake apumzike. Alitaka isipone, kwa maana ikipona tu, Ajuza anaondoka na baba mdogo, Kimya anaondoka na spana zake, na Pindo anabaki na neno "dada" na saa kumi na moja jioni. Halafu akajikemea: kwani huyo fundi amesema nini? Hajasema kitu! Anaongea na plagi!

Tena kulikuwa na jambo lililomchanganya kuliko yote. Pindo hakuwa mtoto wa fundi bure. Alijua pikipiki inataka vitu vitatu: petroli, hewa na moto. Jumatatu Kimya alimwaga petroli iliyooza, akasafisha kabureta hadi tundu la mwisho. Jumanne asubuhi alifungua plagi, akailaza juu ya injini, akapiga kiki, na Pindo akaiona cheche kwa macho yake, ya buluu, inaruka kama kiroboto. Petroli ipo. Hewa ipo. Moto upo. Jumanne mchana Kimya akafunga kila kitu, akapiga kiki. Hakuna hata mlio. Jumatano, vilevile. Sasa mgonjwa huyu anaumwa nini?

Jumatano alimpelekea chai, akasimama hapo na trei.

"Umeangalia kila kitu?"

"Kila kitu, dada."

"Hata vya zamani?"

Akainua uso. Macho yale yalikuwa yaleyale, yenye kope ndefu zisizofaa kwenye uso wa fundi. Yalimkaa Pindo usoni kidogo, kisha yakaangukia kwenye kikombe.

"Hata vya zamani," akasema. "Vya zamani ndivyo vigumu."

"Kwa nini?"

"Vinashika kutu. Ukivifungua kwa nguvu, vinakatika."

Pindo akarudi ndani na trei tupu, akajiuliza hadi jioni kama mtu yule alikuwa anazungumzia nati.

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. Mama alikuwa jikoni, sufuria zinagongana. Pindo akatoka uani bila chai, bila sababu yoyote mkononi, akasimama mbele yake.

"Nina swali moja. Nikikuuliza utajibu, au utaipulizia kabureta?"

Kimya akaweka spana chini.

"Miaka mitano," Pindo akasema. "Hata mbwa wa jirani akihama anabweka. Wewe ulienda, kwa nini hukuaga?"

Uso wa Kimya ulibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyeshikwa na kosa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa ukuta mwingine.

"Baba yako hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Hakukuambia kitu? Kabisa?"

"Mimi nakuuliza, wewe unaniuliza! Aniambie nini?"

"Pindo!" mama aliita kutoka jikoni, sauti juu kuliko ilivyohitajika. "Njoo ushike hii sufuria, inamwagika!"

Pindo alipofika jikoni, sufuria ilikuwa imetulia mahali pake, haijachemka hata. Mama alikuwa amempa mgongo.

"Mama, iko wapi inayomwagika?"

"Imeacha."

"Mama, baba alikuwa na neno la kuniambia?"

"Baba yako alikuwa na maneno mengi. Mengine ya vitendawili. Nenda kashone, kesho shati linachukuliwa."

Kesho yake ndiyo hiyo siku ya tano, Ijumaa, na mkono uliowekwa kinyume.

Baba mdogo alikuwa amesema atafika saa nane mchana. Saa saba mama akatoka uani, mikono kiunoni.

"Fundi, leo ndiyo mwisho. Isipowaka leo, nitamwambia shemeji alete mtu mwingine. Kwangu si hospitali ya kulaza."

"Leo itawaka, mama," Kimya akasema, taratibu.

"Una hakika?"

"Nimeshaujua ugonjwa wake. Ninywe chai tu kwanza."

Pindo alisikia yote dirishani. Leo itawaka. Ameujua ugonjwa! Alimwona Kimya akiinuka, akienda bombani kona ya nyumba kunawa, maji yakaanza kutiririka. Mama amerudi ndani. Ua mtupu. Ajuza kasimama peke yake.

Hapo ndipo Pindo alipokumbuka kitufe.

Miaka ya nyuma, alipokuwa anajifunza kushona, alikuwa na taa ndogo ya mezani, ile ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Ikaungua. Wakati huo wezi wa pikipiki walikuwa wakali, basi baba akang'oa kitufe cha taa, akakificha chini ya kiti cha Ajuza, nyuma ya bomba la chuma, mahali ambapo mkono wa mgeni haufiki. Ukikibonyeza, waya wa moto unakatika, upige kiki hadi mguu uvimbe. Ukikibonyeza tena, unaungana. Kimya ndiye aliyeshika waya siku hiyo, Pindo akashika bisibisi. Baba alipomaliza, akafuta mikono.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote wawili.

"Ukimgusa analala, ukimgusa tena anaamka, na mkono ni uleule."

"Mtoto mchanga," Pindo akasema.

"Mbwa," akasema Kimya.

"Nipeni mji!" Wakampa mji. "Ni kitufe, wavivu nyie, kiko mbele ya macho yenu!" Akacheka hadi akakohoa, na Ajuza naye akakohoa.

Pindo hakufikiri. Angefikiri, asingefanya. Alitoka mbio kwa vidole vya miguu, akapiga goti, akapenyeza mkono chini ya kiti. Vumbi, waya, bomba la chuma, na nyuma yake, duara dogo laini. Jumanne alikuwa ameiona cheche, kwa hiyo alijua waya umeungana. Akabonyeza mara moja. Tik. Basi. Moto umekatwa. Leo haitawaka.

Alirudi dirishani akaketi kwenye charahani. "Nimefanya nini?" alijiuliza. "Nina miaka ishirini na saba, nazima pikipiki kwa kumficha mama yangu." Aliona aibu. Aliona pia, chini kabisa ya aibu, kifuraha kidogo kinachungulia kama panya.

Kimya alirudi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai yake. Aliinywa polepole sana. Ukimtazama ungesema anahesabu matone. Alipofika katikati ya kikombe, mama akatokea tena, na safari hii amevua kandambili, kavaa viatu vya marehemu mumewe.

"Toka hapo, fundi. Leo naipiga mwenyewe."

"Mama!" Pindo akatoka nje. "Utavunjika mguu!"

"Wewe ulizaliwa lini? Baba yako alipoumwa nyonga, nani alikuwa anamwamsha huyu mke mwenzangu kila asubuhi? Mimi! Anaujua mguu wangu." Akamgeukia Kimya. "Au fundi anaogopa?"

"Siogopi, mama." Kimya akasogea pembeni. Alikuwa ametulia ajabu, kama mtu anayejua mvua haitanyesha. "Piga tu."

Na Pindo naye alikuwa ametulia. Piga tu, mama yangu. Piga hadi kesho.

Mama akapandisha gauni, akapanda. Akafungua petroli, akagusa mkono wa gesi kwa vidole viwili, kama anavyoonja mboga. Akaushusha mguu mara moja polepole, akasikiliza. Kisha akasimama juu ya kiki kwa uzito wake wote.

Ajuza akakohoa. Halafu akanguruma.

Kuku waliruka juu ya ukuta. Moshi mweupe ukajaa ua mzima, bati la stoo likatetemeka, kikombe cha chai kikatembea chenyewe juu ya jiwe hadi kikaanguka. Na katikati ya moshi mama alikuwa amekaa, mikono imeshika usukani, mdomo wazi. Hakuamini. Alionekana kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu, akasikia "karibu."

Pindo alimtazama Kimya. Fundi ambaye pikipiki yake imewaka hufurahi. Huyu alikuwa kasimama na spana hewani, macho yamemtoka, kama mwizi aliyesikia jina lake.

Kwa nini ameshtuka? Ni Pindo aliyepaswa kushtuka! Yeye ndiye aliyekata moto kwa kidole chake! Au alibonyeza mara mbili? Au kitufe kimekufa? Kichwa kilimzunguka pamoja na moshi.

Mama alifumba macho. Chozi moja likashuka, akaliacha lishuke. Mlio ule ndio uliokuwa ukimwambia, kila jioni kwa miaka thelathini, aweke maji ya kuoga motoni. Aliusikiliza kidogo zaidi. Kisha, bila kutazama, akapenyeza mkono chini ya kiti, tik, na kimya kikaanguka juu ya ua kama turubai.

Mama naye alikijua kitufe!

"Sasa," akasema, bado amekaa juu ya pikipiki, "nataka kuuliza, na nijibiwe. Jumanne, mimi nilikuwa mlango wa jikoni. Nilimwona mtu anapenyeza mkono chini ya kiti hiki, halafu anapiga kiki, halafu anatikisa kichwa kama daktari. Nikanyamaza. Nikasema ngoja nione mchezo huu unaishia wapi. Leo nimekuja kupiga kiki nikijua haiwaki, ili nimwaibishe mbele yenu, nibonyeze mwenyewe, nimfukuze. Na imewaka! Nani kabonyeza?"

"Mimi," alisema Kimya.

"Mimi," alisema Pindo.

Walisema kwa pamoja. Wakatazamana.

"Mimi Jumanne," Kimya akasema, shingo imeinama. "Nilizima. Ilikuwa imeshapona, mama. Nilikuwa nataka kuiwasha leo baada ya chai. Nilijua ndiyo chai yangu ya mwisho hapa, nikawa naivuta."

"Mimi leo," Pindo akasema, sauti inatoka kidogokidogo. "Nilizima. Nilidhani waya umeungana."

Mama akatazama huyu, akatazama yule. Akahesabu kwa vidole.

"Mmoja kazima. Mwingine kazima kilichozimwa." Akaanza kucheka, na kicheko kikamtikisa juu ya kiti. "Oo, mume wangu! Ungekuwepo! Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haya yamekohoa kwa bomba la moshi!"

Pindo hakucheka. Joto lilikuwa limempanda usoni, na lilikuwa la hasira.

"Wewe," alimwambia Kimya. "Siku tano unaniita dada, na kumbe unazima pikipiki. Miaka mitano hata salamu. Mimi nikuelewe vipi? Jana nilikuuliza."

"Nilidhani unajua," Kimya akasema. "Nilimwambia baba yako. Nilimwambia nataka kukuoa. Akaniambia, huwezi kuoa binti yangu huku unakula kwangu. Nenda kajitegemee, ukirudi na mikono yako mwenyewe, njoo. Na usiende kumwaga machozi kwake, nitamfikishia mimi. Nikaondoka nikijua unajua. Miaka yote nilidhani unajua na unanisubiri. Juzijuzi niliporudi nikasikia amefariki, nikaja hadi kona ya mtaa huu, nikaambiwa kuna karani. Nikasema basi, amejibu."

"Karani amekuja mwezi uliopita!"

"Sikuuliza amekuja lini."

"Hukuuliza! Huulizi kitu wewe! Na baba hakunifikishia neno lolote!"

Kisha mama akashuka kwenye pikipiki, polepole, kwa viatu vile vikubwa.

"Alinifikishia mimi," akasema. "Baba atamwambiaje binti yake mambo kama hayo? Alinipa mimi neno nikupe. Nami nikalimeza." Akajifuta mikono kwenye gauni, na mikono ikaacha oili mbichi, akaitazama. "Nilikuwa nafua siku hiyo. Shati lake, maji ya nne, bado jeusi. Nikasema mwanangu hatafua hivi. Nitamwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Halafu akafa, na neno likanikaa kooni kama mfupa."

"Kwa hiyo watu wote mlikuwa na habari zangu," Pindo akasema, "isipokuwa mimi?"

Mama aliendelea kuitazama oili kwenye gauni lake.

Alitaka kuwagombeza wote. Alitaka kumkumbatia mama yake aliyevaa viatu vya marehemu. Alitaka kulia kwa ajili ya miaka mitano, na palepale alitaka kucheka, kwa sababu kuku mmoja alikuwa bado ukutani anawasikiliza. Asubuhi ile hakujua anataka nini. Sasa hivi pia alikuwa amechanganyikiwa, ila katikati ya mchafuko ule palikuwa na kitu kimoja kilichotulia, kama sindano katikati ya nguo nyingi. Alibonyeza. Hakuna aliyemtuma. Kidole kilikuwa chake.

"Shati la karani nitalimalizia," akasema. "Mikono itakaa panapostahili. Hana kosa lolote yule."

"Na jibu lake?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nitampa mwenyewe, saa kumi na moja. Kwa mdomo wangu. Watu wa kutumwa katika nyumba hii nimewachoka." Akamgeukia Kimya. "Na wewe usitabasamu. Sijasema ndiyo kwako."

"Sijauliza."

"Basi uliza!"

Kimya akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama spana, akatazama mbingu, akatazama kuku. Maneno yalikuwa yamejaa mle ndani, Pindo aliyaona yakisukumana kama watu mlangoni, na hakuna hata moja lililopita.

"Pindo," akasema hatimaye. Si dada. Pindo. Na sauti yake ilikatikia hapo.

Lango likagongwa, likafunguka, baba mdogo akaingia mbio, jasho linamtoka, kofia ngumu ya pikipiki imeshachomekwa kichwani tayari.

"Imewaka! Nimeusikia mlio tangu barabarani! Nikasema huyo ni Ajuza, simsahau! Shemeji, hongera! Nipe nipande!"

Kimya alimtazama Pindo. Pindo alimtazama mama. Mama alikuwa amesimama katikati ya moshi unaopungua, mkono mmoja juu ya kiti, karibu sana na kitufe alichokizima kwa mkono wake mwenyewe.

"Umesikia vibaya, shemeji," akasema. "Piga kiki uone."

Baba mdogo akapanda, akapiga. Akapiga tena. Akapiga ya tatu hadi kofia ikamshukia machoni.

"Lakini nilisikia!"

"Amekohoa tu. Ni mzee huyu, hataki haraka." Mama akaokota kikombe kilichoanguka, akakipangusa kwa kidole chenye oili, akamkabidhi Kimya. "Haijapona. Fundi atarudi kesho."